Je, upendo unahitaji masta?



Dada mmoja wa VIWAWA kaniuliza: "Frateri, nikisoma masta ya usimamizi wa huduma za jamii, si nitageuka mtu wa bajeti na ripoti, niwasahau maskini?"

Swali zito. Mwaka 1617, kule Châtillon, Ufaransa, Padre Vincent de Paul alihubiri kuhusu familia iliyougua nyumba nzima. Waumini wakamiminika na vyakula vingi siku hiyohiyo. Na wiki ijayo je, wale nini? Vincent akaona huruma ipo, mpangilio hakuna. Akawakusanya akina mama, wakapeana zamu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara huziongoza fadhila za kimaadili. Basi kupanga hakupunguzi upendo, kunaufikisha. Bajeti ikiharibika, kuna yatima anayekosa dawa mwisho wa mwezi.

Ila hofu yako ni ya kweli: mgonjwa anaweza kugeuka namba ya faili, na masta peke yake haizuii hilo. Kwa hiyo soma, dada yangu. Lakini kila wiki mtembelee mtu mmoja unayemjua kwa jina, bila fomu mkononi.