Kucha za Kumetameta: Je, Pambo la Bei Nafuu ni Uongo?



Liko swali dogo kwa umbo lakini zito kwa maana, linalowahusu dada zetu wa vyuo vya huku mpakani, kuanzia Busia zote mbili hadi Tororo. Anayepaka rangi ya kucha ya bei nafuu kwa ustadi hadi ikaonekana ya bei ghali, je, anadanganya?

Tuanze na jambo lenyewe. Chupa moja ya rangi ya kucha ya Chanel huuzwa zaidi ya dola 30 kule Marekani. Kwa mwanafunzi, hicho ni chakula cha siku nyingi. Lakini chengachenga zinazometameta, ziwe za chupa ghali au rahisi, aghalabu ni vipande vidogo vya plastiki vilivyopakwa alumini. Basi dada mjanja hupaka kwanza mkono mmoja wa rangi ya kawaida, kisha humimina ile ya kumetameta kwenye kipande cha sponji na kuigongagonga kuchani. Sponji hunyonya majimaji, chengachenga hubaki zimejaa ukucha mzima.

Wanaosema huu ni uongo wana hoja. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni vibaya kumwonyesha mke mwenziwe kuwa mume amempa vitu ambavyo hakumpa. Mtume akamfananisha anayejitapa kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Lakini tazama alichouliza yule mama. Hakuuliza kuhusu pambo. Aliuliza kuhusu dai. Kosa ni kumfanya mwenzio aamini umepewa usichopewa, ili aumie au akutukuze. Mng'aro wenyewe hausemi umetoka wapi. Na Mtume huyo huyo, alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu. Kwa hiyo jipime hivi: ukiulizwa umepaka nini, utataja bei ya kweli bila haya? Ukiweza, hujavaa uongo. Ukiweka picha kwenye simu na kukwepa swali ili udhaniwe tajiri, umeuvaa.

Chupa bandia ni habari nyingine. Anayeiga mtindo hajamdhulumu mtu. Anayebandika jina la kampuni kwenye chupa isiyo yake anamdanganya mnunuzi, kama yule muuza nafaka wa Madina aliyeacha iliyolowa chini na kavu juu. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimerahisisha kuvuka, hakijahalalisha bandia. Wanaojilipia karo kwa biashara ndogondogo walizingatie hilo.

Hata hivyo, gharama kubwa haiko sokoni. Rangi ya kucha huacha utando unaozuia maji kufika ukuchani, tofauti na hina inayotia rangi tu, na udhu hautimii mpaka utando huo utolewe. Ya chengachenga ndiyo ngumu kuliko zote: huhitaji pamba yenye asetoni, ifungwe kwa karatasi ya foili dakika kadhaa kwenye kila kidole. Dada aliyetumia saa nzima kujipamba huona uchungu kuibandua Adhuhuri ikiingia. Huahirisha, na Alasiri humkuta hapo hapo. Pambo la shilingi chache limekula swala, na hakuna kilicho ghali kuliko hiyo.

Wapo wanaojipaka siku za hedhi tu, na huo ni utaratibu mzuri. Akina kaka nao wasizisome kucha za dada zao kama ubao wa matangazo. Hiyo ni staha ya lazima. Suala la kuonyesha pambo mbele ya wasio maharimu lina hukumu zake, na linastahili makala yake.

Dada yangu, urahisi wa bei si dhambi, wala ughali si heshima. Jipambe kwa ukweli, ununue kwa kiasi, maana chupa kumi rahisi nazo ni israfu, na kucha ziwe tayari adhana inapolia. Mwenyezi Mungu atupambe kwa ucha Mungu. Amin.