Dhuluma Bila Dhalimu

Dhana ya dhuluma, kama inavyotumika mahakamani na barazani, hudai pande mbili, anayedhulumu na anayedhulumiwa, na pale ambapo wa kwanza hapatikani watu huwa wepesi kusema kwamba yaliyotokea ni majaaliwa. Afya ya wanawake wa Kwale, kaunti ya pwani ya kusini mwa Kenya, inaitia dhana hiyo majaribuni, kwa sababu wanadhurika kwa utaratibu unaojirudia bila ya mtu yeyote kuwatakia ubaya. Mwaka 1969 mwanasosholojia wa Norway, Johan Galtung, aliyaita madhara ya aina hii ukatili wa kimuundo, yaani ukatili unaotokana na jinsi jamii ilivyojipanga wala si na mkono wa mtu fulani.

Mfano ulio wazi zaidi ni kichocho, ugonjwa ambao watafiti wameuchunguza Msambweni, huko Kwale, tangu miaka ya 1980. Vimelea vyake hukua kwanza ndani ya konokono wa mitoni na mabwawani, kisha huachiwa majini, kwa wingi zaidi jua linapokuwa la utosini, vikapenya ngozi ya yeyote aliyemo na hatimaye kuwa minyoo katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Vimelea havitofautishi mke na mume. Lakini kufua, kuosha vyombo, kuogesha watoto na kuchota maji ni kazi ambazo mila imewakabidhi wanawake na wasichana, na anayefua husimama majini hadi magotini, leso ameipandisha na kuikaza kiunoni, beseni la nguo likiwa ukingoni, mpaka mzigo wote uishe, ilhali mumewe huuvuka mto huohuo kwa hatua chache tu. Hakuna aliyemlazimisha, alimwona mamake akifanya, basi.

Wavulana nao huambukizwa wakiogelea, na kwa kuwa damu katika mkojo wao huonekana, kichocho kimezoeleka kuwa ugonjwa wao. Kwa mwanamke, mayai ya minyoo hukwama pia ukeni na katika mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, damu isiyo ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na pengine utasa au mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, hivyo anayekwenda zahanati huweza kurudi na dawa isiyomfaa, na juu yake shaka ya mume kuhusu uaminifu wake. Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma ya kimaarifa, alionyesha kwamba mtu anaweza kudhulumiwa kwa kukosa, katika hazina ya fikra za jamii yake, namna ya kulieleza jambo linalompata. Pengine hapa ndipo penye uzito kuliko katika maradhi yenyewe, kwa maana minyoo hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli vinavyomezwa siku moja, na jina la uzinzi halina tiba hospitalini.

Inaweza kupingwa kwamba haya yote ni matokeo ya ufukara, si ya jinsia. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli: mkaazi wa Diani, mji wa kitalii wa Kwale, mwenye bomba nyumbani, awe mwanamke au mwanamume, hana shughuli na bwawa, na inaudhi kukumbuka kwamba maji ya chemchemi za Marere, katika Milima ya Shimba, yamepelekwa Mombasa kwa miongo mingi. Hata hivyo, ufukara unaeleza kwa nini nyumba fulani haina bomba. Hauelezi kwa nini, katika nyumba hiyo, anayekwenda bwawani ni mwanamke.

Katika miaka ya 1980 Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu za mkono, na KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya, likawaingiza wanawake katika kamati za maji na kuwafunza utunzaji wa pampu. Yalikuwa mafanikio ya kweli, ila mahali pa kuchota palibadilika kuliko mchotaji, na pale ambapo maji ya chini ya ardhi yana chumvi na sabuni haitoi povu, mto hauachwi. Tiba nayo, chini ya mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo ulioimarishwa mwaka 2012, ilipitia shuleni, mahali ambapo mama wa watoto hao hapangi foleni. Ni mwaka 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba, katika maeneo yenye maambukizi mengi, dawa itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima.

Mwaka huohuo Kwale ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana wake wa kwanza mwanamke, jambo la heshima, ingawa mpangilio usiobuniwa na mtu mmoja hauondolewi na mtu mmoja aliyeketi juu yake. Wala mume akishika zamu ya kufua hatakuwa ameondoa kichocho. Atakuwa ameigawa hatari tu. Lakini huenda mabomba yakafika upesi zaidi pale ambapo wanaume wanaozungumza katika mabaraza ya vijiji nao wanasimama majini saa sita mchana.