Je, Yafaa Kuutengeneza Uso Ambao Mungu Ameuumba?

Swali hili limo mioyoni mwa wengi, ingawa ni wachache waliulizao waziwazi. Mtoto amezaliwa na mdomo uliopasuka, ule ambao watu huuita mdomo sungura. Au ameanguka motoni, na ngozi ya shingo imejikunja hata kidevu kikashikamana na kifua. Wazazi wasikia ya kuwa wako matabibu wawezao kumtengeneza. Ndipo mzee mmoja wa ukoo asema: "Mwacheni, ndivyo Mungu alivyotaka awe." Na mtoto huachwa. Je, mzee huyo anena kweli?

Kwanza tujue mambo yalivyo. Mdomo hupasuka mtoto angali tumboni, kati ya juma la 4 na la 7 la mimba, pande za uso zinapokosa kuungana. Wakati huo mara nyingi mama hajajua bado kwamba ana mimba. Basi si kweli kwamba alimcheka mwenye kilema, wala kwamba amelogwa. Tabibu huuunga mdomo mtoto awapo na umri wa miezi 3 hadi 6, ikiwa ameongezeka uzito vya kutosha. Kaakaa nalo likiwa limepasuka, huliunga baadaye, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miezi 18, ili ajifunze kusema sawasawa. Kazi hiyo si ya urembo. Mwenye kaakaa lililopasuka hanyonyi vema, maziwa humtoka puani, na asiposaidiwa aweza kufa kwa njaa mikononi mwa mama yake.

Na habari za moto twazijua. Milimani kwetu baridi ni kali, na watoto hukaa karibu na mafiga. Jeraha kubwa likiachwa lipone lenyewe, kovu hukaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, likavuta kiwiko, au vidole, au shingo. Tabibu hulikata kovu, kiungo kikanyoshwa. Kisha hutwaa ngozi nyembamba pajani mwa mtoto yule yule na kuilaza juu ya kidonda. Siku za kwanza ngozi ile huishi kwa majimaji ya kidonda. Baadaye mishipa midogo ya damu huingia ndani yake, nayo hushika kama mche uliohamishwa shambani. Walakini kazi haijaisha. Ngozi hiyo hupenda kujikunja tena, kwa hiyo kiungo hufungwa gango na kunyoshwa kila siku kwa miezi mingi. Wengine hupasuliwa tena kadiri wanavyokua. Wala kovu halifutiki kabisa. Mtu awaahidiye wazazi uso kana kwamba haukuungua kamwe, awadanganya.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Maneno yake yana sura ya uchaji, lakini tuyapime. Katika Katekisimo Ndogo tumefundishwa juu ya kifungu cha kwanza cha Imani ya kwamba Mungu ametuumba, akatupa macho na masikio na viungo vyote. Tena tumefundishwa kwamba hata sasa anavitunza. Asemaye, Mungu ameumba, kisha akanyamaza, amesoma nusu ya somo. Mungu hutulisha kwa jembe la mkulima, wala hatusemi kwamba mkulima ashindana na Mungu. Vivyo hivyo aweza kumtunza mtoto kwa kisu cha tabibu.

Nasi tutazame yaliyotendeka bustanini usiku ule Bwana alipokamatwa. Mwanafunzi wake alimkata sikio mtumwa wa Kuhani Mkuu. Yohana atuambia kwamba aliyekata ni Petro, na jina la mtumwa ni Malko. Lakini ni Luka peke yake atuambiaye kwamba Bwana aliligusa sikio lile na kumponya. Malko asingalikufa kwa kukosa sikio. Angaliishi, akala, akafanya kazi yake. Hata hivyo Bwana, saa chache kabla ya msalaba, hakuona kuwa ni jambo dogo mno kumrudishia adui yake umbo lake. Basi sisi tutaliitaje dogo?

Tena tukumbuke habari za zamani. Kabla ya Injili kuenea Upareni, na katika makabila mengine mengi ya nchi hii, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akauawa kwa kuwa aliogopwa. Wageni waendao Mbaga huonyeshwa hata leo jiwe la Malameni, na kusimuliwa habari za watoto waliotolewa sadaka pale. Hakuna atendaye hivyo leo. Lakini wako wazazi wamfichao mtoto chumba cha nyuma wageni wanapokuja, asiende shule wala ibadani. Hofu ile ya zamani haijaondoka yote. Imevaa nguo nyingine, na mara nyingine imejifunza kutaja jina la Mungu.

Ila tusidhani kwamba tabibu aweza kumaliza yote. Alikuwako tabibu mmoja, jina lake Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua katika vita kuu ya pili, katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Alijua kutengeneza kope na pua kwa ngozi. Lakini aliona kwamba mgonjwa aliyetengenezwa hawezi kuishi ikiwa kila amwonaye hugeuza uso. Kwa hiyo aliwasihi wenyeji wa mji wawapokee vijana wake bila kuwakodolea macho, nao wakafanya hivyo: wakawakaribisha nyumbani na mezani. Tabibu huyu alifika hata huku kwetu. Yeye na wenzake Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji wa kazi hiyo hiyo, walifanya shauri chini ya mlima Kilimanjaro mwaka 1956, na kutoka shauri lile chama cha Amref kilianzishwa mwaka 1957, ili matabibu wawafikie kwa ndege watu wakaao mbali.

Hapo ndipo tulionapo jibu la swali letu. Yafaa kuutengeneza uso, lakini si kwa sababu uso wenye kovu hauna thamani. Bwana wetu mwenyewe alifufuka akiwa na alama za misumari, wala hakuzificha. Twautengeneza ili mtoto apate kula, kusema, kuinua kichwa na kushika kalamu. Kovu lisiloondoka ni juu yetu, si juu ya tabibu: ni macho yetu yatakayompa mtoto nafasi kanisani, au kumnyima.

Basi, ndugu wazee wa kanisa na walimu wa Injili, yatupasa mambo mawili. Mnapozuru nyumba, ombeni kuwaona watoto wote, si wale waletwao mbele ya mgeni tu. Na mkimwona aliyefichwa, msimlaumu mama. Mwelezeni kwamba kuna msaada. Kutoka Same hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ni kilometa 100 na zaidi kidogo. Na CCBRT huko Dar es Salaam huwatibu watoto wenye mdomo sungura bila malipo. Mara nyingi kinachokosekana ni nauli, na mtu wa kuangalia mbuzi na watoto wengine mama akiwa hospitalini. Hayo si makuu kuliko nguvu za usharika mmoja.

Na mtoto atakaporudi, akiwa na mshono mdomoni au gango shingoni, mwiteni kwa jina lake, mkamketishe pamoja na wenzake katika shule ya Jumapili. Bwana Mungu, aliyetuumba na kututunza, atupe macho ya kuwatazama watoto wake kama yeye awatazamavyo.