Wakili na Kiti cha Utawala

Mabaraza yetu, tangu Ukunda hata Msambweni, hayaishi mazungumzo juu ya kijana asomaye sheria huku jicho lake liko kwenye uongozi. Je, ana lawama? Wako wasemao kuwa kutaka cheo ni aibu, na kwamba mtu mwema hungoja aombwe. Hoja hiyo haitoshi. Nabii Yusuf aliomba mwenyewe kukabidhiwa hazina za Misri, kwa kuwa alijua kuzihifadhi. Basi tusiulize kama mtu ametamani. Tuulize kama alijualo lafaa kwa kazi aitakayo.

Na hapa ndipo wakili apaswapo kujipima. Kazi yake ni kusema kwa upande mmoja. Mteja humjia na dhulma aliyotendewa, au na uongo wake, naye humtafutia maneno yaliyo bora. Upande wa pili una wakili wake, na hakimu yu katikati. Hapana hiana katika hayo. Lakini akiketi katika kiti cha ugavana, yule wakili wa upande wa pili hayupo tena.

Bi Fatuma Achani ni wakili. Mwaka 2013, Katiba ya 2010 ilipozaa serikali za kaunti 47, alichaguliwa naibu wa Gavana Salim Mvurya, akakaa hapo mihula miwili. Agosti 2022 akachaguliwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Kwale na pwani nzima ya Kenya. Wengi waliutazama ushindi ule. Mimi huitazama zaidi ile miaka tisa. Naibu wa gavana hapigiwi kura peke yake. Huchaguliwa pamoja na mkubwa wake, na likipita jambo asiloliafiki, yambidi auzuie ulimi. (Sidai kujua yaliyo moyoni mwake; nanena juu ya kiti.) Kwa mtu aliyelelewa na kazi ya kusema, hicho ni chuo kingine kabisa.

Tutazame mchanga wa madini. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale mwaka 2014, ikakomesha uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa wenyeji wa mahali palipochimbwa. Wakili wa mtu aliyehamishwa Nguluku angeidai ile kumi kwa nguvu zake zote, na haki angekuwa nayo. Bali mama wa Kinango achotaye maji mbali, ambaye shamba lake halikuguswa na mashine yoyote, naye ana fungu katika ile ishirini. Gavana hana ruhusa ya kumfanya mmoja wao mteja wake. Wala kuwapa sawasawa hakumalizi neno, maana aliyeacha mikorosho na minazi yake hakupoteza sawa na asiyehama.

Kijana wetu wa sheria, basi, ningempa kazi moja. Achukue kesi aliyoshinda, aiandike upya kwa niaba ya yule aliyeshindwa, kwa bidii ile ile, kisha ampelekee mwenyewe aisome. Mtu yule akisema, "Hivi ndivyo nilivyotaka kusema," kijana na aende akachukue fomu ya kugombea. Akicheka, arudi kwanza ofisini kwake.