Askari Alipewa Bunduki, Mkewe Akanyimwa Hema

Tarehe 26 Novemba 1864, katika kambi ya jeshi iitwayo Camp Nelson, jimbo la Kentucky nchini Marekani, askari mmoja mweusi alifika mbele ya ofisa akatoa maelezo yake kwa kiapo. Jina lake Joseph Miller. Hakujua kuandika, kwa hiyo mwisho wa karatasi aliweka alama tu badala ya sahihi. Karatasi yenyewe ingalipo katika nyaraka za serikali ya nchi hiyo, na ni fupi, dakika tano unaimaliza. Mimi kila nikiisoma naona aibu kwa niaba ya watu ambao wenyewe hawakuona aibu.

Miller alikuwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Kentucky nayo ilikuwa na watumwa, lakini ilibaki upande wa serikali ya Abraham Lincoln. Hapo ndipo penye kizungumkuti. Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa, la Januari 1, 1863, liliyahusu majimbo yaliyoasi tu. Mtumwa wa Kentucky halikumgusa. Njia aliyoachiwa ni kuvaa sare ya jeshi. Mwanamume akishajiandikisha, anakuwa huru yeye peke yake. Mkewe na watoto wanabaki mali ya bwana vilevile.

Bwana wake Miller alikuwa ameshasema wazi: ukienda jeshini, mimi mkeo na wanao siwalishi. Basi mwezi Oktoba mtu huyu akaenda kambini kujiandikisha akiwa na familia yake yote, mke na watoto wanne. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka kumi, mdogo miaka minne. Luteni aliyempokea akamwambia awaweke kwenye hema ndani ya eneo la kambi. Akawaweka. Yeye akaanza kazi ya uaskari.

Jioni ya Novemba 22 akaja mlinzi na amri kwamba familia za askari weusi ziondoke kesho yake alfajiri. Mtoto wa Miller wa miaka saba alikuwa mgonjwa sana, ndiyo kwanza anaanza kupata nafuu.  Asubuhi ilikuwa baridi ya kugandisha maji, upepo mkali. Mlinzi akarudi na farasi na bunduki. Miller akamweleza kwamba kumtoa mgonjwa nje kwa baridi ile ni kumuua, kwamba mkewe na watoto hawana pa kwenda, na kwamba yeye ni askari wa Marekani. Jibu alilopata ni kwamba mkewe asipopanda gari la farasi, watapigwa risasi wote. Wakapanda. Mama amempakata mgonjwa mikononi, nguo zao nyingi zilikuwa zimebaki kwa bwana.

Usiku ule Miller alitoka kuwatafuta. Aliwakuta mji wa Nicholasville, mwendo wa maili sita hivi kutoka kambini, ndani ya kanisa la watu weusi lenye moto mmoja tu, na watu wamejazana hata mkewe na watoto hawakuweza kuusogelea. Walikuwa wanatetemeka, na tangu asubuhi hawajatia kitu kinywani. Mwanawe alikuwa amekufa. Askari hana ruhusa ya kulala nje ya kambi, kwa hiyo Miller alirudi usiku uleule kwa miguu. Kesho yake akaenda tena Nicholasville, akachimba kaburi kwa mikono yake, akamzika mtoto, akarudi kazini.

Watu waliofukuzwa siku zile ni kama 400, wanawake na watoto. Waliokufa kwa baridi na maradhi ni 102. Mwanzoni mwa 1865 mke wa Miller na watoto waliosalia walikuwa wamefariki wote, na Januari hiyohiyo Miller mwenyewe akafa. Nyumba ya watu sita ikafutika, wala hakuna aliyeuawa na adui.

Jenerali Speed Fry, aliyetoa amri ile, alikuwa na hoja zake, na si haki kuzificha. Kambi ya jeshi si mahali pa watoto. Wanawake wanakuja kila siku, wanakula mgao wa chakula ambao haukupangwa kwa ajili yao, magonjwa yanaenea, nidhamu inalegea. Kamanda yeyote angekuambia hivyo, hata wa leo. Lakini jenerali alijua pia kwamba watu wale hawana pa kurudi isipokuwa kwa mabwana waliokuwa na hasira kwamba mtumwa wao wa kiume kawaponyoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ilibidi habari zifike magazetini, hasa kwa kutumia viapo kama cha Miller, ndipo serikali ikaamuru familia zirudishwe na kujengewa makazi palepale kambini. Na Machi 3, 1865, Bunge la Marekani likapitisha azimio la kuwaacha huru wake na watoto wa askari weusi. Vita vyenyewe vilibakiza wiki chache tu.

Ninachotaka kusema kupitia kisa hiki ni kwamba serikali haiwezi kumchukua mtu mmoja tu vitani. Ikimchukua baba, imeshaichukua nyumba nzima, ikubali au ikatae. Swali pekee linalobaki ni kama itaihesabu kwenye bajeti au itaihesabu makaburini.

Tazama suala la mshahara. Askari mzungu wa kawaida wa upande wa Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa 10, kisha akakatwa 3 za sare, akabaki na 7. Kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, kilikataa kupokea fedha hizo, kikakaa mwaka na zaidi bila senti. Jimbo lao lilipojitolea kufidia pengo, walikataa pia, maana waliyekuwa wanamdai ni serikali kuu. Tunapenda kuwasifu kwa msimamo huo, na wanastahili sifa. Ila sifa haichemki chunguni. Kule nyumbani kuna mwanamke anayedaiwa kodi, na hakupiga kura katika mgomo ule. Huko Florida, Februari 1864, sajini William Walker alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa sababu aliongoza wenzake kuweka silaha chini wakidai haki ya malipo. Miezi minne baadaye Bunge likakubali kwamba mishahara iwe sawa.

Upande wa Kusini hali ya nyumbani ndiyo iliyowavunja watu miguu. Serikali ya waasi ilitunga sheria mwaka 1862 iliyomruhusu mzungu mmoja abaki nyumbani kwa kila shamba lenye watumwa ishirini. Mkulima maskini asiye na mtumwa hata mmoja akachukuliwa, shamba likabaki kwa mke na watoto. Bei zikapanda, fedha yao ikawa makaratasi. Aprili 1863 wanawake wa Richmond, makao makuu yao, waliingia mitaani na kuvunja maduka wakitaka mikate. Wake wakaandika barua: watoto wana njaa, njoo. Wanaume wakaenda. Katika miezi ya mwisho walitoroka kwa maelfu, na makamanda wao walilalamika kwamba barua za nyumbani zinawavuruga askari. Mimi siwaiti wasaliti kwa kosa la kurudi kwa watoto wao. Dhambi yao ilikuwa kupigania utumwa, na hiyo ni dhambi nyingine.

(Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatukuwa mbali na vita vile kama tunavyodhani. Merikani, kile kitambaa cheupe kilichopanda kutoka Zanzibar hadi bara kwenye vichwa vya wapagazi, kilifumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya mashamba ya watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza mwaka 1861 pamba ikakatika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi sokoni Unguja.)

Kuna mtu mwingine nisiyeweza kumpita. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, askari wa Kaskazini alikutwa amekufa bila jina wala namba ya kikosi. Siku hizo jeshi halikumpa mtu kibati cha kumtambulisha. Wengine waliandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvibana mgongoni kabla ya shambulio. Huyu alikuwa na kitu kimoja mkononi, picha ya watoto watatu kwenye kioo. Daktari mmoja wa Philadelphia aliichukua ile picha akawaomba wenye magazeti wasaidie kumtafuta mwenyewe. Magazeti ya wakati huo hayakuweza kuchapa picha, kwa hiyo waliieleza kwa maneno: kuna wavulana wawili na msichana mmoja, wamekaa hivi, wamevaa vile. Novemba, huko Portville, jimbo la New York, mwanamke aitwaye Philinda Humiston alipata maelezo hayo. Alikuwa amempelekea mumewe picha ya namna hiyo, na tangu Gettysburg hakupata barua. Akaomba nakala. Ilipofika, akajua kwamba ni mjane.

Nchi nzima ililia na watoto wa sajini Amos Humiston. Picha yao iliuzwa kila mahali, fedha zikachangwa, na mwaka 1866 likafunguliwa kule Gettysburg kituo cha yatima wa askari. Mama yao akaenda kufanya kazi hapohapo, na watoto wakaishi naye. Baadaye, Philinda akiwa ameshaondoka, kituo kilimpata msimamizi mwingine aliyetiwa hatiani mahakamani kwa kuwatesa watoto, na mwaka 1877 kikafungwa. Huruma ya watu wengi ilikuwa imekwisha zamani. Kabla ya hapo, mwaka 1864, mjane wa Meja Booth, mzungu aliyeuawa katika ngome ya Fort Pillow akiongoza askari weusi, alikwenda kwa Lincoln kumweleza kwamba wajane wa askari wale hawataambulia kitu, kwa kuwa ndoa za watumwa hazikuwa na cheti. Lincoln akamwandikia seneta mmoja, na Julai hiyo sheria ikakubali ushahidi kwamba watu walikuwa wakiishi kama mume na mke. Kati ya matendo yote ya hisani ya vita vile, mimi hili la mama Booth nalipa nafasi ya kwanza, kwa sababu halikuishia kwenye machozi. Liliingia kwenye sheria.

Katika vita vile walikufa zaidi ya askari 600,000, na wengi wao kwa kuhara, homa ya matumbo, surua na nimonia. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Dar es Salaam, unaweza kuona ni mambo ya kale na ya mbali. Vuka Ziwa Tanganyika. Mashariki ya Kongo, wake na watoto wa askari wa serikali wameishi kwa miaka mingi pembeni ya vituo vya waume zao, kwenye vibanda vya turubai, na mjini Goma waliishi katika kambi ya Katindo. Mume akihamishwa, mke anajitwika masufuria na kufuata, maana mshahara ukija unamfuata askari, na mara nyingi ulikuwa unapungua njiani. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kuwahesabu askari wa Kongo na kutenganisha njia ya amri na njia ya fedha, ili kamanda asiwe ndiye pia mshika pochi ya watu wake. Hesabu ilionyesha kwamba orodha za zamani zilikuwa na majina ya watu wasiokuwepo kabisa. Askari hewa alikuwa analipwa, na mwanamke aliye hai anauza makaa kando ya barabara apate unga.

Hapo usishangae ukisikia askari kamnyang'anya mkulima mbuzi. Simtetei, wizi ni wizi, na mkulima naye ana watoto. Lakini anayemwadhibu askari huyo aanze kwanza kumuuliza aliyekula mshahara wake.

Nchi zetu za Maziwa Makuu hazijaacha kupeleka vijana vitani, nyingine ndani ya mipaka yake, nyingine kwa majirani. Taarifa kwa vyombo vya habari hutaja vikosi, silaha na maeneo yaliyokombolewa. Ndugu zangu waandishi wa habari mnaoitwa kwenye mikutano hiyo, ulizeni na swali hili, na msikubali kujibiwa kwamba ni siri ya jeshi: wake na watoto wa askari hao wanalala wapi, na mara ya mwisho mshahara ulifika kwao lini?