Subirini Mvinyo Unyamaze

Wajukuu zangu, kila msimu wa mavuno ukifika hapa Dodoma, vijana hunijia na swali lilelile: mvinyo wa nyumbani unatengenezwaje? Swali ni jema, na kazi yenyewe ni ya heshima kwa mtu anayeifanya kwa akili. Leo nawajibu kwa maandishi, ili anayeanza awe na mahali pa kurejea mikono yake ikiwa tayari ndani ya ndoo.

Kinachowaangusha wengi si kukosa mitambo. Ni mazoea. Sisi ni watu wa pombe zinazonyweka zingali changa. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa na Njombe, tembo la mnazi kule pwani, zote hunywewa zikiwa bado zinatoa povu, na zikikaa siku chache huwa chachu mno. Kijana aliyekulia katika mazoea hayo akisikia ndoo ya zabibu inachemka, siku ya tano anatafuta kikombe. Mvinyo hauko hivyo. Mvinyo hunywewa baada ya kumaliza kuchachuka, kutulia na kutakata. Nasaha yangu yote imesimama juu ya jambo hilo moja, na hatua nitakazozitaja zote ni njia za kuulinda mvinyo mpaka ufike hapo.

Kwanza jueni mlichonacho. Zabibu za Dodoma zilianza kukita mizizi kupitia wamisionari wa Kikatoliki waliozipanda Bihawana, nao walihitaji divai ya misa. Leo mizabibu imeenea Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vijiji vingine vingi, na ardhi hii hutupa mavuno mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi kama Ufaransa hazilijui. Lakini zabibu ikishaiva haimngoji mtu. Viwanda vikichelewa kununua, mkulima huuza kwa bei ya kutupa au huziona zikioza shambani. Kijana anayejua kutengeneza mvinyo mzuri nyumbani amejifunza namna ya kuokoa jasho la wazazi wake.

Sasa anzeni kidogo. Kilo 15 za zabibu nyekundu zinatosha kabisa. Zitawapa lita 9 hivi, yaani chupa kumi na moja au kumi na mbili za kawaida. Tafuteni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ile ya plastiki ya kuwekea chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi, dawa ya shamba au mafuta isiingie kabisa katika kazi hii, hata ikioshwa mara mia. Sufuria za alumini na vyombo vya chuma kinachoshika kutu navyo viacheni, kwa sababu juisi ya zabibu ina asidi nayo hula madini hayo. Ongezeni madumu safi ya maji ya kunywa ya lita 5, mpira mwembamba wa kuhamishia, kitambaa cha kuchujia, na hidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kupima utamu wa juisi. Kama mna fedha ya kununua kitu kimoja tu cha kitaalamu, nunueni hidromita.

Usafi hauna mjadala. Kila kitakachogusa juisi kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe kwa maji mengi yaliyochemshwa, kiachwe kikauke. Anayetumia jiki asuuze tena na tena mpaka harufu iishe kabisa, maana klorini ikibaki huuachia mvinyo harufu ya ukungu isiyotoka. Zabibu nazo zichambueni moja moja. Iliyooza, iliyopasuka na kuvunda, yenye ukungu, zote nje. Mkulima mwulizeni ni lini alipiga dawa mara ya mwisho. Salfa ikibaki kwenye maganda, mvinyo utanuka yai viza.

Ng'oeni vikonyo, kisha pondeni kwa mikono safi mpaka kila tunda lipasuke. Msitumie blenda, kwani mbegu zikisagika hutoa uchungu. Chujeni juisi kidogo mtumbukize hidromita. Katika maji matupu husoma 1.000. Katika juisi ya zabibu zilizoiva vizuri husoma kati ya 1.085 na 1.095, na hapo mtapata mvinyo wenye kileo cha asilimia 12 au 13. Ikisoma chini zaidi mnaweza kuongeza sukari, lakini kwa hesabu: gramu 17 katika lita moja huongeza kileo kwa asilimia moja hivi. Kwa lita 10 hiyo ni gramu 170 tu. Wale wanaomimina kilo mbili ili mvinyo uwe mkali hupata kitu kitamu kinachochoma koo, kwa kuwa hamira huzidiwa na kusimama njiani.

Hamira ndiyo mfanyakazi. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha katika karne ya 19 kwamba kuchachuka si uchawi wala kuoza tu: ni kazi ya viumbe hai wadogo wanaokula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi. Alionyesha pia kwamba wapo viumbe wengine wanaouharibu mvinyo. Tafuteni hamira ya mvinyo yenyewe. Pakiti ya gramu 5 hutosha lita 20, hivyo kwa ndoo yenu nusu yake inatosha. Ilowekeni dakika 15 katika maji ya vuguvugu, kisha imwageni ndani. Hamira ya mkate inaweza kuchachusha, lakini mara nyingi huchoka mapema, haizami vizuri, na huacha ladha ya unga mbichi.

Baada ya siku moja au mbili mtaona makapi yamepanda juu na kutanda kama kofia, na chini yake juisi inachemka. Hapo ndipo uangalizi unapohitajika. Asubuhi, mchana na jioni, chukueni mwiko mrefu wa mbao uliooshwa, muyasukume makapi chini mpaka yalowe yote. Yakiachwa juu yakakauka, wale wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye ndizi mbivu hutua hapo na kuleta bakteria wa siki. Mkisukuma mtasikia gesi ikitoka kwa mlio wa mvuke, mtaona povu la zambarau likipanda, na rangi ya maganda ikizidi kuingia kwenye juisi kila siku. Ndoo ifunikwe kwa kitambaa safi, isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na iwe kivulini. Joto la nyuzi 20 hadi 28 linafaa. Likikaribia 35 hamira huanza kudhoofika. Miezi ya joto kali ya Dodoma, wekeni ndoo ndani ya beseni la maji na kuizungushia kitambaa kibichi. Na chumba kiwe na madirisha wazi, kwa sababu gesi ile, ikijaa katika chumba kilichofungwa, humkosesha mtu pumzi.

Siku ya tano hadi ya saba chujeni. Kamueni makapi kwa kitambaa bila kuyasulubu, mmimine mvinyo mchanga kwenye madumu. Toboeni kifuniko, pitisheni mpira, zibeni pembeni kwa nta, na ncha ya pili ya mpira itumbukizwe kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka ikibubujika, hewa haitaingia. Kuanzia hapa adui mkubwa ni hewa. Ndiyo inayowapa bakteria nguvu ya kugeuza kileo kuwa siki.

Kisha ngojeni. Mabubujiko yatapungua baada ya wiki mbili au tatu, nanyi mtadhani kazi imekwisha. Msiamini macho. Pimeni kwa hidromita. Ikisoma chini ya 1.000, na ikirudia kusoma vilevile baada ya siku chache, sukari imekwisha. Machicha yatakuwa yametuama chini. Hamisheni mvinyo kwa mpira, taratibu, mkiyaacha machicha nyuma, na kila chombo kijazwe mpaka shingoni. Lita 8 zilizobaki haziachwi nusunusu katika madumu mawili. Jazeni dumu moja la lita 5, zilizobaki zijaze chupa mbili za lita moja na nusu. Wakati huu mnaweza kutia metabisalfaiti ya potasiamu, ambayo huuzuia mvinyo kuharibika. Kipimo ni robo ya kijiko cha chai kwa lita 20, hivyo kwa lita 8 ni chembe kidogo mno. Mwenye pumu aambiwe imo, maana huweza kumdhuru.

Rudieni kuhamisha baada ya miezi miwili. Mvinyo ukishatakata kiasi kwamba mnaona taa upande wa pili wa glasi, ndipo mtie kwenye chupa. Huo ni mwezi wa nne, wa tano, wakati mwingine wa sita. Chupa inayozibwa kabla sukari haijaisha huweza kupasuka, na vipande vya kioo havichagui jicho la nani. Mkiharakisha hatua zote, hii msiiharakishe.

Nina maneno mawili ya ukali. La kwanza ni kuhusu moto. Mvinyo hauchemshwi ili kukinga mvuke wake. Hiyo ni gongo, na gongo sheria imeikataza. Mvinyo wa zabibu uliochachuka kwa kawaida una methanoli kidogo sana isiyodhuru, lakini mikono isiyojua inapokeneka, au inapochanganya spiriti za viwandani, ndipo watu wanapopofuka na kufa. Asiwadanganye mtu kwamba kuongeza spiriti kidogo ni kuupa mvinyo nguvu. Huko ni kuua.

La pili ni kuhusu biashara. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ninyi mtasifiwa. Rafiki wataonja chupa ya kwanza na kuwaambia mfungue duka. Msikubali haraka. Kutengeneza kwa ajili ya meza ya nyumbani ni kujifunza. Kuuza ni kubeba afya ya watu msiowajua, na kuna leseni ya vileo, kuna Shirika la Viwango Tanzania, kuna kodi. Atakayetaka kufika huko aende SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, aende kwa watafiti wa zabibu wa Makutupora, aulize na kufuata. Lakini aende akiwa ameshatengeneza mvinyo uleule mzuri misimu kadhaa mfululizo. Mvinyo mmoja uliotokea vizuri unaweza kuwa bahati.

Na katika nyumba zetu wapo wasiokunywa kwa imani yao au kwa afya yao. Wasishawishiwe, wasichekwe. Mtoto na mjamzito wasipewe hata kuonja. Anayekunywa anywe glasi moja na chakula, aamke asubuhi aende shambani. Mtu asiyeweza kuukalia mvinyo wake miezi sita bila kuugusa hajawa tayari kuutengeneza, na nawaomba mtu huyo ajitathmini kabla ya kununua ndoo.

Mavuno yajayo, basi, nunueni kilo 15. Tafuteni daftari, muandike tarehe, kipimo cha hidromita, joto, harufu na kila mlichoongeza, kwa sababu msimu wa pili utafundishwa na daftari hilo kuliko na mimi. Zabibu tunazo, jua tunalo, na mizabibu inazaa mara mbili kwa mwaka. Kinachotakiwa kwenu ni usafi na subira, na vyote viwili havinunuliwi dukani. Anzeni.