Haki ya Zamu na Haki ya Muda

Wazee wanaokutana barazani baada ya sala ya alasiri hawahitaji mwenyekiti. Mmoja husema, wengine husikiliza. Akinyamaza, mwingine hudaka. Ikitokea wawili wakafumbua vinywa kwa pamoja, wote wawili husita, hutazamana, kisha mmoja humwachia mwenziwe. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, na mtoto huijua kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini na iulizwe: zamu hizo zinagawa kitu gani hasa? Mzee mwenye ulimi mwepesi humaliza kisa chake na kahawa ingali ya moto. Mwenye kigugumizi husimulia kisa kile kile, akafika mwisho dele limekwisha kupoa. Kila mmoja amepata zamu moja. Je, wamepata sawa?

Swali hili limeulizwa kwa ukali usiotarajiwa katika maabara za vyuo vikuu, na waliouliza ni wahandisi wa mawasiliano ya redio, watu ambao aghalabu hawahesabiwi miongoni mwa wanafalsafa. Na kama inavyostahiki, kisa chenyewe kilianzia visiwani.

Mnamo Juni 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia mtandao wa kompyuta ulioitwa ALOHA, neno ambalo wenyeji wa huko hulitumia kwa kuamkiana na kwa kuagana. Aliyeiongoza kazi hiyo ni Profesa Norman Abramson, mpenzi mkubwa wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Kompyuta kubwa ilikuwa Honolulu, katika kisiwa cha Oahu. Waliotaka kuitumia walitawanyika hata visiwa vya jirani. Na nyaya za simu zilikuwa ghali tena hazitegemeki. Abramson na wenzake wakageukia redio. Vituo vyote vilipewa masafa mamoja ya kutumia, na kila kituo kiliruhusiwa kutuma ujumbe wake mfupi wakati wowote, bila kupiga hodi. Ujumbe ulipofika salama, kompyuta ya kati iliitikia. Ujumbe wa vituo viwili ulipogongana hewani, wote uliharibika, mwitiko haukuja, na kila kituo kilingoja kwa muda wa kubahatisha kabla ya kurudia.

Siri yote imo katika neno hilo, kubahatisha. Lau vituo viwili vilivyogongana vingengoja muda ule ule, vingegongana tena na tena hadi kiyama. Kila kimoja kinapojipigia kura yake ya siri, kimoja hutangulia na kingine hufuata, na hakuna aliyeamuru. Abramson alipiga hesabu akaona kwamba kwa utaratibu huo hewa haiwezi kutumika zaidi ya takriban asilimia 18 ya uwezo wake. Kilichobaki huliwa na kimya na migongano. Ndiyo gharama ya kuishi bila mwenyekiti, na pengine si kubwa kama inavyosikika. Vikao vingi vyenye wenyekiti havifiki hata hapo.

Waliofuata waliongeza adabu moja: sikiliza kwanza. Robert Metcalfe, aliyekwenda Hawaii kuuchunguza mtandao ule, aliitia adabu hiyo katika mtandao wa waya aliouanzisha mwaka 1973. Kanuni za mtandao usio na waya unaojulikana leo kwa jina la Wi-Fi, zilizotolewa mwaka 1997, ziliirithi: kifaa husikiliza, hewa ikiwa tupu hungoja kidogo kwa kubahatisha, kisha husema ujumbe mmoja na kuwapisha wengine. Kwa kipindi kirefu kila kifaa hupata zamu sawa na jirani yake.

Hapo ndipo mzee mwenye kigugumizi anaporudi. Kule Hawaii vituo vilisema kwa kasi moja. Katika Wi-Fi ya mwaka 1999 kifaa kiliweza kusema kwa kasi nne: megabiti 11 kwa sekunde, 5.5, 2 au 1. Kilichoamua kasi ni umbali na vizuizi, wala si uvivu. Mawimbi yanapodhoofika, kifaa hupunguza kasi ili kieleweke, kama nahodha anayemwita mtu wa pwani anavyozivuta silabi zake ili upepo usizimeze.

Chukulia maktaba ya chuo katika mji wa kale wenye nyumba za mawe. Kijana mmoja ameketi ukumbini, karibu na mtambo, na kifaa chake kinasema kwa megabiti 11. Msichana mmoja amekosa kiti. Amekaa katika chumba cha nyuma, na baina yake na mtambo pana ukuta mnene wa mawe na chokaa. Kifaa chake kinasema kwa megabiti 1. Kila mmoja anatuma ujumbe wa biti 12,000. Wa kijana hupita hewani kwa milisekunde moja na ushei. Wa msichana huchukua milisekunde 12. Wakipokezana zamu kwa zamu, kila milisekunde 13 hivi kila mmoja amepitisha ujumbe mmoja, na hesabu hutoa takriban megabiti 0.92 kwa sekunde kwa kila mmoja. Hii ni hesabu ya kitabuni, haikutia ndani muda wa kungojana na kuitikiana. Hata hivyo jambo lenyewe li wazi: mwenye 11 ameshuka chini ya 1, kwa sababu tu ameshiriki hewa na mtu aliye nyuma ya ukuta.

Martin Heusse na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza jambo hili katika makala ya mwaka 2003, nao wakaliita hitilafu. Neno hilo lafaa kutazamwa kabla ya kupitwa. Mtambo ulikuwa ukifanya kile kile ulichoamriwa: zamu sawa kwa wote. Hakuna kilichoharibika. Aliyeona hitilafu ni mwenye kasi, au mwenye kuihesabu jumla. Kwa msichana wa chumba cha nyuma mambo yalikuwa shwari kabisa. Mara nyingi kesi huamuliwa hivyo, katika kulipa jambo jina, kabla shahidi wa pili hajaitwa.

Mwaka 2004, Godfrey Tan na John Guttag wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walipendekeza dawa. Kinachogawiwa, walisema, kisiwe idadi ya zamu, kiwe muda wa hewani. Kila mmoja apate nusu ya kila sekunde, aitumie apendavyo. Kijana atapata megabiti 5.5, msichana 0.5, jumla yao itapanda kutoka chini ya 2 hadi 6. Mtu asiye na huruma angetosheka na jumla hiyo. Lakini pana hoja iliyo nzito kuliko jumla. Msichana angepata 0.5 hiyo hiyo lau jirani yake naye angekuwa nyuma ya ukuta kama yeye. Kwa haki ya muda, kila mtu hupata kile ambacho angekipata laiti wenziwe wote wangekuwa mfano wake. Wepesi wa jirani haumnufaishi, uzito wa jirani haumdhuru. Ni vigumu kuona anaweza kulalamika kwa lipi.

Na bado moyo unasita. Mwaka ule ule wa ALOHA, 1971, mwanafalsafa wa Marekani John Rawls alichapisha kitabu chake juu ya nadharia ya haki, akisema kwamba tofauti baina ya watu zikubaliwe pale tu zinapomfaa aliye chini kuliko wote. Ukuta haukujengwa na msichana. Kwa mizani ya Rawls, yeye ndiye wa kutazamwa kwanza, na kilicho bora kwake ni zamu sawa: 0.92 ni zaidi ya 0.5. Wahandisi nao wana kanuni yao inayofanana na hiyo. Wanayo pia kanuni nyingine, iliyowekwa mwaka 1998 na Frank Kelly wa Cambridge na wenzake, ambayo hupima faida na hasara kwa uwiano wa kile mtu alicho nacho. Ukitoka katika muda sawa kwenda katika zamu sawa, msichana hupanda kwa asilimia 83 na kijana hushuka kwa asilimia 83. Mizani imelala sawa, na Kelly angeuacha muda kama ulivyo.

Basi wanahesabu wametoa mizani mbili, zote safi, zenye kutoa hukumu mbili. Washairi hawatashangaa. Katika majibizano, wapo wanaotaka kila mmoja ajibu kwa shairi moja, liwe la beti tatu au thelathini. Na wapo wanaotaka beti zihesabiwe. Kila upande huita kanuni yake usawa, na kila upande husema kweli. Kusema "sawa" bila kutaja kinachohesabiwa ni kusema nusu ya neno.

Lakini kuna tofauti moja baina ya haki hizi mbili ambayo haionekani katika mgawo wenyewe, nayo ndiyo yenye uzito zaidi. Tuseme mlangoni mwa ukumbi panapatikana nafasi. Msichana akisogea pale, kasi yake itapanda kutoka 1 hadi 5.5. Chini ya haki ya zamu, kijana naye atapanda, kutoka 0.92 hadi karibu 3.7, mara nne, bila kuinua mguu. Chini ya haki ya muda, msichana atapanda kutoka 0.5 hadi 2.75, na kijana atabaki pale pale alipokuwa. Kwa haki ya kwanza, shida ya msichana ni shida ya ukumbi mzima. Kwa haki ya pili, ni yake peke yake.

Isidhaniwe kwamba haki ya kwanza kwa hivyo ni ya wema. Waliofungwa kamba moja huweza kuinuana, na huweza pia kukatana. Wasimamizi wengi wa mitandao, walipoona mtu mmoja wa mbali akiwaburura wote, hawakusogeza mtambo. Walizifunga kasi za chini, hata aliye nyuma ya ukuta asiweze kusema kabisa. Haki ya muda humwokoa na hilo. Hakuna mwenye sababu ya kumfukuza, kwa kuwa hakuna anayemhisi. Ni sheria njema kwa watu wasiojuana, waliokutana uwanja wa ndege na watakaoachana baada ya saa moja. Na kwa hao ingefaa ichaguliwe bila kusita. Kwa watu wa baraza moja ni sheria baridi.

Uchaguzi huo haufanywi barazani. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Uswidi, na wenzake walichapisha kazi iliyoitia haki ya muda ndani ya Linux, programu iendeshayo mitambo mingi ya Wi-Fi. Kichwa cha makala yao kilitangaza kukomeshwa kwa ile "hitilafu". Ni kazi ya ustadi, na imewaondolea wengi adha. Tangu hapo, mitambo mingi imehama kutoka haki moja kwenda nyingine, na waliokuwa wakisoma mbele yake hawakuambiwa.

Kule maktabani, kijana anaendelea na kazi yake kwa megabiti 5.5, na mtambo haumpi dalili yoyote kwamba nyuma ya ukuta yupo mtu. Mkoba wake ameuweka juu ya kiti kilicho mlangoni.